Nakala Ambazo Sikuwahi Kuzifungua

Wiki iliyopita dada mmoja, fundi wa kompyuta kama nilivyokuwa mimi, alinifuata nyumbani hapa Malindi. Akaniamkia vizuri, akakaa, akanywa chai yangu na mahamri mawili, kisha akatoa simu na kuniuliza kama ninayo majibu ya mtihani wa kuhuisha cheti. Si vitabu vya kujisomea. Majibu. Kwenye makundi yao ya simu wanarushiana kama kadi za harusi, na yeye kaambiwa kwamba Bi Dama, kwa jinsi alivyokaa kazini, hawezi kuyakosa.

Nilimfukuza. Hamri la pili alilimalizia njiani. Baadaye nikaona sikutenda haki, maana kumfukuza mtu si kumfundisha, na jambo nililomkasirikia nilipata kulifanya mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Kwa hiyo nawaandikia nyinyi nyote mnaoshika kazi hii ya kutunza kompyuta za maduka, shule na kliniki ndogo ndogo kutoka Malindi hadi Mtwapa. Sitawabembeleza. Anayetaka kubembelezwa aende kwao.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Athman, fundi wa redio wa mji wa kale ambaye kompyuta zilipoingia alizifuata. Mimi nilikuwa msichana wa Kigiriama kutoka Ganda, nimemaliza shule, sina pa kwenda. Safari yetu ya kwanza alinipeleka kwenye hoteli moja ndogo ya Kikambala. Dada wa mapokezi akatutazama akashangaa.

"Karibuni, lakini hatujawaita. Mashine zetu zote nzima."

"Ndiyo maana tumekuja," Mwalimu akasema. "Zikisha kufa mtaita mchimba kaburi, hamtaita fundi."

Yule dada akanitazama mimi. "Na huyu ni wa kubeba begi?"

"Huyu ndiye atakayeifungua. Begi nabeba mimi."

Nikafungua. Ndani ya mashine ile nzima mlikuwa na mjusi aliyekaukia kwenye feni, na bodi imeota kijani kibichi. Chumvi. Dirisha lilitazama baharini na kompyuta ililipa dirisha mgongo, basi upepo ulikuwa unaipaka chumvi kutwa kucha. Mwalimu akanionyesha namna ya kupiga mswaki laini wenye spiriti, kufuata njia za shaba bila kuzikwaruza, kuigeuza mashine mgongo wake usielekee bahari, na kuiinua juu ya matofali mawili kwa sababu wanaopiga deki humwaga maji kwa ndoo bila kuuliza. Mjusi akampa yule dada kwenye karatasi, kwa adabu kabisa, kama mtu anayerudisha chenji. Kuanzia siku hiyo tukienda Kikambala hakuna aliyetuuliza nani ametuita.

Hiyo ndiyo kazi. Mwenye duka hana uwezo wa kuajiri fundi akae naye mwaka mzima, kwa hiyo wewe unakuwa fundi wa maduka kumi, na unakwenda kabla ya kuitwa. Unafika siku ambayo hakuna kilichoharibika. Wenye duka watakuona kero. Acha wakuone kero.

Jambo la pili la Mwalimu Athman lilikuwa mitihani. Vyeti vyetu vina muda, kila baada ya miaka michache lazima uketi kwenye mtihani tena, na yeye aliketi mpaka mvi zikamfunika nyusi. Siku moja nilimkuta amefeli sehemu moja, amenuna kama mtoto aliyenyimwa sukari. Nikacheka.

"Cheka," akaniambia. "Niliyokufundisha mwaka ulipokuja kwangu, nusu yake sasa ni uongo. Asiponiambia mtihani, nani ataniambia? Wateja? Wateja wanajua kuniita Mwalimu tu."

Alipofariki nikafungua karakana yangu, na kwa miaka mingi nilifanya kazi kama alivyonifundisha. Kisha nikaanza kuheshimiwa, na heshima ikaniharibu. Nalisema hili waziwazi kwa sababu naona likiwaharibu nyinyi mapema kuliko lilivyoniharibu mimi, kabla hata hamjajua kushika bisibisi.

Nilipata programu ya kuangalia mashine za wateja wote kutoka kwenye simu yangu. Kila asubuhi ilinionyesha orodha: duka la picha Mtwapa, tiki ya kijani, shule, tiki ya kijani, kliniki ya Kibarani kule Kilifi, tiki ya kijani. Tiki ya kijani maana yake ni kwamba usiku ule nakala ya mafaili imechukuliwa na kuwekwa kwenye diski ya pembeni. Basi nikaacha kwenda. Kwa nini nipande gari mpaka Kilifi kutazama kitu ambacho simu imeniambia ni kizima? Nikawa fundi wa kutazama tiki.

Kliniki ya Kibarani ndiyo ninayotaka kuwaeleza. Ilikuwa ndogo, na aliyeiendesha hasa alikuwa Sista Kadzo, nesi mkuu, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, aliyejua foleni yake nzima kwa majina. Kadzo alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu aliloandika kila mgonjwa: anaumwa nini, amepewa nini, dawa gani haipatani na mwili wake. Nilipoweka kompyuta nilimwona bado anaandika kotekote, kwenye daftari na kwenye kompyuta. Nikamtania mbele ya watu.

"Sista, hiyo ni kazi ya bibi na babu. Kompyuta ikianguka mimi ninayo nakala ya kila usiku."

"Una hakika, Bi Dama?"

"Tazama cheti changu pale ukutani."

Cheti kilikuwa ukutani kweli, mwenye kliniki alikitundika mwenyewe ili wagonjwa wakione. Daftari nikalichukua mimi mwenyewe kutoka mezani, nikalitia kwenye kabati la chini, na Kadzo akaacha kuandika.

Baada ya mwaka hivi mwenye kliniki, Bwana Said, akabadilisha programu ya wagonjwa akaleta mpya. Akanipigia simu kuniarifu. Nikasema vyema. Programu mpya iliweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye folda yake nyingine, na nakala zangu za usiku zikaendelea kunakili folda ya zamani, ambayo hakuna aliyekuwa akiiandika tena. Kila usiku zilinakili vitu vile vile vilivyokufa, kwa uaminifu mkubwa, na kila asubuhi nikapata tiki yangu ya kijani.

Mwaka huo huo cheti changu kiliisha muda. Mtihani mpya ulikuwa na sehemu nzima juu ya nakala. Ilisema, nami niliisoma baadaye sana, kwamba nakala ambayo hujaifungua si nakala, na kwamba kila programu inapobadilishwa lazima fundi arudishe faili moja kutoka kwenye diski na kulisoma kwa macho yake. Sikuisoma wakati ule kwa sababu sikufanya mtihani. Aliyenifanyia ni Safari, mshirika wangu pale karakana, mwepesi wa vidole na wa maneno.

"Bi Dama, wewe utapoteza siku mbili kujibu vitu unavyovijua? Nipe paswadi yako. Saa moja tu."

Nikampa. Ulikuwa mtihani wa mtandaoni, hakuna aliyetutazama usoni. Akapita kwa alama nzuri kuliko ambazo ningepata. Cheti kikaja na jina langu, nikakipeleka Kibarani kutundikwa mahali pa kile cha zamani. Nilivaa leso mpya siku hiyo. Nikikumbuka leso ile hadi leo najisikia vibaya.

Ikafika Jumatatu moja asubuhi. Kadzo alifungua barua pepe iliyoandikwa kama majibu ya maabara, na kumbe ilikuwa imebeba kirusi, aina ile inayofunga mafaili yote kisha inakuandikia kwenye skrini ulipe ndipo ufunguliwe. Akanipigia.

"Bi Dama, kompyuta imenifungia kila kitu, na foleni imefika barabarani."

"Tulia, mamangu. Nina nakala ya jana usiku. Endelea na watu wako, nakuja."

Endelea na watu wako. Maneno hayo niliyasema mimi. Nikamaliza chai, nikatafuta gari, nikafika Kilifi nimestarehe kama mtu anayekwenda kufungua mlango ambao ufunguo wake umo mfukoni. Nikatoa kompyuta yangu ya mkononi, nikachomeka diski ya nakala, ambayo kirusi hakikuigusa, nikafungua folda. Mgonjwa wa mwisho alikuwa wa ile siku kabla ya programu kubadilishwa. Baada yake hakuna mtu. Miezi mizima ya watu, hakuna. Nikashuka chini, nikapanda juu, nikafunga folda nikaifungua tena, kama mwendawazimu anayetafuta ng'ombe ndani ya kikapu.

Bado nimekodoa macho pale ndipo niliposikia kiti kikianguka chumba cha sindano.

Alikuwa mwanamke anayeitwa Mbeyu, mshonaji wa hapo hapo Kibarani. Alikanyaga msumari, mguu umevimba, ana homa. Kadzo alimuuliza upesi upesi, maana foleni ilikuwa ikinung'unika nje: "Mbeyu, kuna lolote jipya tangu uje mara ya mwisho?" Mbeyu akajibu: "Hakuna, Sista." Akadungwa penisilini. Nilipofika mlangoni uso wake ulikuwa umefura mpaka macho hayaonekani, na pumzi inapiga mluzi kwenye koo. Kadzo amepiga magoti, anamdunga sindano nyingine ya kuirudisha pumzi, anamwita kwa jina, Mbeyu, Mbeyu, nitazame. Mimi nilikuwa nimesimama na waya mkononi. Sijawahi kuwa mtu asiyefaa kitu kama nilivyokuwa pale.

Kadzo alimwokoa. Liandikeni hilo. Wakampakia kwenye gari la Bwana Said, wakamkimbiza hospitali kubwa, akalazwa siku kadhaa, akapona. Gari lilipoondoka Kadzo akanigeukia, aproni yake imelowa jasho.

"Nilimwandika. Dawa hii ilimkataa mwaka huu huu akiwa na kidonda cha koo, nikamwandika kwa herufi kubwa, juu kabisa ya ukurasa wake. Niliandika wapi, Bi Dama? Nionyeshe."

Nikalitazama kabati la chini.

"Daftari langu ulilichukua mwenyewe pale mezani. Ukaniambia kazi ya bibi na babu."

Siku ya pili Bwana Said aliniita ofisini, akafunga mlango. Alitaka nimwandikie taarifa ya kitaalamu, karatasi moja yenye jina la karakana yangu.

"Andika tu kwamba nesi alifungua barua asiyoijua. Wala si uongo, Bi Dama. Alifungua."

"Alifungua kwa sababu kazi yake ni kufungua majibu ya maabara. Kazi yangu ilikuwa ni kuhakikisha akikosea hapotei mtu."

"Wewe una jina. Yeye ni nesi, atapata kazi popote."

Nataka muelewe kwamba nilitamani kukubali. Nilikaa kwenye kile kiti na kalamu mkononi, na sentensi ile ya uongo ilikuwa tamu, fupi, imekwisha kupangwa. Wengi wenu mngeiandika. Nimewasikia mkieleza makosa yenu kwa wateja: stima ilikuwa mbaya, mtandao ulikuwa mbaya, mama wa ofisi kashika asichokijua. Daima ni mama wa ofisi. Hamjawahi kukosea nyinyi, mmezaliwa na vyeti.

Niliandika kurasa mbili. Nikaandika kwamba nakala zilikuwa za folda iliyokufa, kwamba sikuzifungua hata mara moja tangu programu ibadilishwe, kwamba sikufika kliniki kwa miezi, kwamba mimi ndiye niliyemfanya nesi aache daftari, na kwamba mtihani wa cheti kile kilichoko ukutani sikuufanya mimi. Nakala moja nikampa Bwana Said, ya pili nikawapelekea wenye mtihani.

Msidhani ukweli ulileta mema upesi. Bwana Said alinifukuza, hilo ni haki yake, lakini na Kadzo akamfukuza vile vile, wiki hiyo hiyo, na taarifa yangu nadhani ilikwenda kwenye taka. Wenye mtihani wakanifutia cheti na kunizuia kuketi kwa mwaka mzima. Wateja wangu wakasikia, nusu wakahama. Na walihamia kwa nani? Kwa Safari. Leo ana ofisi Mtwapa yenye mlango wa kioo na vyeti vimepangwa ukutani kama picha za harusi. Nikipita pale damu hunichemka. Nilimwambia ana kwa ana aandike naye la kwake, akanijibu, "Mama, kila mtu anafanya hivyo." Jibu hilo ndilo linalonikosesha usingizi kuliko uovu wenyewe, maana ni kweli, na nyinyi mnalijua ni kweli, na mnaona ni faraja.

Mwaka ulipokwisha nikaketi mtihani kwa kichwa changu, mwanamke mzima wa miaka hamsini na kitu. Nikafeli. Sehemu ya mitandao ilinigaragaza, mambo yalikuwa yamebadilika na mimi nilikuwa natazama tiki. Nikarudi kusoma, nikaketi tena, nikapita kwa alama za aibu ambazo ni zangu. Tangu hapo mpaka nilipostaafu, kila mteja nilimfikia kila mwezi. Nilimwambia achague faili lolote, yeye mwenyewe, la wiki hiyo. Nikalifuta kwenye mashine mbele ya macho yake, akashika kifua, kisha nikalirudisha kutoka kwenye diski na kumwambia asome. Diski nikaichomoa na kuondoka nayo ili kirusi kisiifikie, nyingine nikaiacha. Mwenye shule mmoja alikuwa akinificha faili za mitihani kwa hofu. Nikamwambia hofu hiyo ndiyo ninayoitafuta, bora uipate leo mimi nikiwa nimeketi hapa.

Lakini kabla ya hayo yote, Mbeyu alipotoka hospitali, nilikwenda nyumbani kwake. Bwana Said alikuwa amewaambia jamaa za Mbeyu ni kudra ya Mungu. Nilimkuta kwenye cherehani, uso umerudi kuwa uso. Alinikaribisha, akanipa kigoda. Nikamweleza yote, la folda na la cheti, kwa maneno ya kawaida. Alisikiliza bila kuinua mguu wake kwenye kanyagio, akawa anashona huku nikisema.

Nilipomaliza akasema, "Sista aliniuliza kama kuna jipya. Nikasema hakuna. Kwa sababu lile la dawa halikuwa jipya, mama. Nilikuwa nimeandikwa. Nilimwona akiniandika."

"Najua, mwanangu."

"Ningejua mmenifuta, ningesema."

Chumbani mtoto alikohoa. Msichana wake, alikuwa na homa siku ya tatu, na Mbeyu alikuwa akimchemshia mwarobaini. Nikamwambia tumpeleke. Akakataa. Akasema hampeleki mtoto wake mahali ambapo wanaandika halafu wanasahau walipoandika. Sikubishana, nilikuwa na haki gani? Nikaondoka, nikarudi kesho yake, akakataa. Siku ya tatu mtoto alikuwa hawezi kukaa, na Mbeyu akanambia, bila kunitazama, kwamba atakwenda kwa Kadzo tu, si kwa mwingine.

Kadzo alikuwa amepata kibarua kwenye zahanati moja ndogo nje ya mji. Tulipofika alimchukua mtoto mikononi papo hapo, akampima, akasema ni malaria na tumewahi. Mimi akanionyesha kwa kidevu benchi la nje.

"Wewe kaa pale."

Nikakaa. Mlango ulikuwa wazi. Nikamsikia akimpa mtoto dawa, akiuliza umri, akiuliza kama kuna dawa iliyowahi kumkataa, kalamu ikikwaruza. Kisha nikasikia sauti ya Mbeyu.

"Na mimi niandike."

"Leo wewe huumwi, Mbeyu."

"Niandike."

Kalamu ikakwaruza tena.

"Soma."

Kadzo akasoma, kwa ile sauti yake nzito, taratibu: Mbeyu, mshonaji, wa Kibarani, asipewe penisilini kwa namna yoyote, hufura uso na koo kufunga.

"Rudia," Mbeyu akasema.

Kadzo akarudia.